Kuruka Bila Kishindo

Kila jioni, baada ya kufunga duka lake la tofu, jibini laini la soya, Katsuhiko alimpeleka binti yake kwenye ngazi za mawe za hekalu la mtaani. Chinatsu alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alichezea timu ya mpira ya shule. Mbio alikuwa nazo, lakini mipira ya juu ilimpita. Ilibaki miezi michache kabla ya mashindano, naye alitamani sana kupangwa.

"Chuchumaa! Mikono mgongoni! Ruka kama sungura mpaka juu!"

"Baba, goti linauma."

"Goti la nani haliumi? Enzi zetu tuliruka hivi mpaka tukarudi nyumbani tunatambaa. Huo ndio moyo wa mchezaji!"

Jioni moja walikaa chini kula. Chinatsu alishindwa kukunja mguu. Chini ya goti palikuwa pamevimba.

"Basi tena, sitacheza," alisema, akaangua kilio. Katsuhiko alisukuma kando bakuli lake la wali. Aliona kosa ni lake.

Kesho yake jirani yao, Bi Tazuko, alikuja kununua tofu. Yeye huwafanyisha mazoezi ya viungo wagonjwa wa kliniki. Alilitazama goti la Chinatsu, kisha akamgeukia Katsuhiko.

"Na wewe, magoti yako yakoje?"

Katsuhiko alijifanya anafunga tofu.

"Anashuka ngazi kiubavu kama kaa," Chinatsu alimsemea.

"Hayo ndiyo matunda ya kuruka kama sungura, Katsu! Mtoto huyu mifupa bado inakua. Misuli ya paja inauvuta mfupa mchanga hapa chini ya goti. Mpeleke kwa daktari, apumzike."

"Kwa hiyo asiruke tena?"

"Ataruka, akishapona. Ila kuruka ni kama chumvi, kidogo kinatosha."

Daktari alisema vilevile. Chinatsu alipumzika wiki kadhaa, akinuna. Maumivu yalipokwisha na daktari akamruhusu, Bi Tazuko aliwapeleka kwenye nyasi za ukingo wa mto.

"Kwanza pasha mwili moto. Halafu ruka, utue kwa miguu miwili. Kunja magoti, yasielekee ndani. Nikisikia kishindo, umekosea."

Chinatsu aliruka, akatua kimya.

"Vizuri! Pumzika kidogo, kisha rudia. Ukianza kuchoka, acha. Kesho hakuna kuruka, mwili unajenga nguvu ukipumzika. Na goti likiuma, sema. Baba yako atasikia. Siyo, Katsu?"

"Nitasikia," alisema Katsuhiko. Naye akajaribu kuruka. Pu! Bata wakakimbia mtoni.

"Baba, umewafukuza bata!" Chinatsu alicheka mpaka akakaa chini.

Jioni zilizofuata walipita mbele ya ngazi za hekalu bila kupanda. Siku za mapumziko Chinatsu alimsaidia baba yake kukata tofu, na kila asubuhi Katsuhiko aliuliza, "Goti?" kabla hata ya salamu.

Siku ya mashindano Chinatsu alipangwa. Kipindi cha pili mpira wa kona ulikuja juu. Aliruka juu kuliko mabeki wote, akaupiga kwa kichwa, wavu ukatikisika. Watu walishangilia kwa nguvu, lakini Katsuhiko aliitazama miguu ya mwanawe tu. Ilitua pamoja, magoti yakakunjika taratibu, na Chinatsu akaondoka mbio.

"Goti?" alipaza sauti kutoka pembeni, machozi yakimtoka.

"Zima, Baba!"