Baka la Phulmati

Kila asubuhi Hemlata humwagilia mrihani wake uani, kisha huketi kizingitini na daftari. Mjini Jaunpur, India, wengi wanamfahamu. Hadithi zake za Kihindi hutoka gazetini kila Jumapili.

Jirani yake, Phulmati, hutengeneza papadi, vile vichapati vyembamba vikavu vya unga wa dengu, na kuzianika juani juu ya paa. Siku moja alipandisha mkono wa blauzi, akamwonyesha Hemlata baka lililopauka. Alisema lina ganzi. Hata cheche ya jiko haisikii. Zahanati walimwambia ni ukoma, wakampa vidonge. Alimsihi asimwambie mtu.

Hemlata hakumwambia mtu. Aliandika.

Katika hadithi yake, mwanamke muuza papadi alipata ukoma kwa laana, na kila aliyemshika mkono akaugua. Jina alilibadilisha. Papadi aliziacha vilevile.

Kufikia Jumatatu mtaa mzima ulishajua. Wanunuzi walipita mlangoni kwa Phulmati wakitazama kando. Kwenye bomba la maji la mtaa, lile la kusukuma kwa mkono, wanawake walisubiri aondoke, kisha wakasugua mpini kwa majivu. Hemlata aliyaona hayo yote. Akajiambia kwamba hadithi ni hadithi tu.

Wiki ya tatu alikuja Rajkumari, mhudumu wa afya wa mtaa, na gazeti lile mkononi.

"Dada, haya uliyaandika wewe. Nani alikufundisha kwamba ukoma ni laana?"

"Ndivyo watu wasemavyo."

"Watu husema. Wewe ulipaswa kuuliza." Rajkumari aliketi. Alimweleza polepole kwamba ukoma huletwa na vijidudu. Hauambukizwi kwa kushikana mikono wala kula pamoja. Dawa zake hutolewa bure, na mgonjwa akishaanza kuzitumia, haambukizi tena. Akiwahi, hupona bila kilema. Akichelewa, mishipa ya fahamu huharibika na vidole hupinda.

"Basi Phulmati atapona," Hemlata alisema.

"Angepona. Tangu hadithi yako itoke, hajaja kuchukua dawa. Anaogopa kuonekana mlangoni pa zahanati."

Hemlata aliinamisha uso. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni ile alikwenda kwa Phulmati. Hakujitetea. Alisema amemkosea, siri yake ameiuza ili asifiwe. Phulmati aliendelea kukanda unga bila kumtazama.

"Mimi sijui kusoma, dada," alisema hatimaye. "Nilisomewa kwenye bomba, watu wakicheka."

Hemlata alilia. Kesho yake, mchana kweupe, walikwenda zahanati pamoja, Hemlata amemshika mkono ule wenye baka. Watu wakaona. Rajkumari alimpa Phulmati vidonge, akamwambia hata akiona baka linafifia, asiache dawa mpaka amalize.

Hemlata akamwandikia mhariri kwamba hadithi yake ilipotosha watu. Barua ilichapishwa pamoja na maelezo yote ya Rajkumari, bila kumtaja mgonjwa yeyote. Mwezi huohuo watu watatu wenye mabaka walikwenda kupimwa. Mmoja alikuwa ameficha lake miaka miwili.

Phulmati alimaliza dawa, na vidole vyake vyote ni vizima. Wanunuzi walirudi mmoja mmoja. Hata hivyo, Hemlata akipita mlango ule bado macho yake huanguka chini.

Siku moja alijikaza akamwuliza Phulmati kama angemruhusu kuandika jinsi alivyopona.

Phulmati alipangusa unga mikononi.

"Andika," alisema. "Lakini safari hii, wa kwanza kusomewa niwe mimi."