Mto Kati ya Gatwiri na Njagi

"Gatwiri, rudi! Hilo gogo linateleza!"

Hakugeuka. Alivuka mto ukinguruma chini yake, akatua ng'ambo peke yake. Njagi alipotia mguu amfuate, gogo likayumba, likang'oka, likaenda na maji. Vijana wa kanisa waliotoka nao Kianjokoma asubuhi kutembea msituni wakapiga mayowe.

Mvua ya masika ilikuwa imejaza mto, na kingo zote zimechanua maua ya mwituni, manjano na zambarau. Hakuna aliyeyapiga picha tena.

Simu ya Gatwiri ikalia. Mpigaji alikuwa Njagi, anamtazama kutoka ukingo wa pili.

"Umeumia?"

"Unaenda Qatar lini?"

Njagi akatazama maji.

"Njagi, nimekuuliza."

"Nani amekuambia?"

"Ciakuthii, huyo hapo nyuma yako. Alidhani najua! Ananipa hongera, mimi nacheka kama mjinga. Jumamosi wazee wenu wanaleta mahari kwetu, na wewe una tiketi!"

"Ningekuambia baada ya Jumamosi."

"Ukishanifunga?"

"Niliogopa utakataa."

Wakaanza kuteremka kuelekea daraja la chini, kila mtu ukingo wake, simu masikioni.

"Ningekungoja, Njagi. Lakini dadako anajua, Ciakuthii anajua, mimi niliyekubali kuwa mke wako ndiye wa mwisho."

"Nimekosa, Gatwiri."

"Mwambie baba."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi!" Simu ikakatika, na vichaka vikamficha Njagi. Gatwiri akadhani ameshakimbia. Machozi yakamtoka.

Lakini alipofika darajani, Njagi alikuwa katikati, anahema, simu imewekwa sauti ya juu.

"Baba, ni Njagi. Nimepata kazi Qatar. Nilimficha Gatwiri, nikawaficha na nyinyi. Mkisema wazee wasije, nitaelewa."

Mzee Muthamia, babake Gatwiri, akakohoa. "Gatwiri yuko hapo? Yeye anasemaje?"

Njagi akamnyooshea Gatwiri simu. Gatwiri akamkazia macho mpaka wenzao wakawafikia, wakasimama.

"Baba," akasema, "wazee waje. Lakini harusi iwe kabla hajapanda ndege."

"Ndege ni lini?"

"Mwisho wa mwezi, baba," Njagi akajibu.

Mzee akaguna. "Basi teremkeni huko msituni upesi. Mama yenu ana kazi nyingi ya kupika."

Ciakuthii akapiga kigelegele kikashinda mto.