Safari Iliyoahirishwa

Simu ziliita zote tatu kwa mpigo, kabla kijana hajafungua hata pazia la ofisi yake.

"Mbona mmeahirisha?" mteja wa kwanza, mama mmoja, alifoka. Wa pili hivyo hivyo.

Saa mbili na robo asubuhi akagundua: mtu ameingia kwenye tovuti yake na kuwaandikia wageni ishirini na wawili waliojiandikisha kuvuka daraja la kamba leo saa nne. "Safari imeahirishwa hadi Jumamosi ijayo. Tuwieni radhi." Lilikuwa kundi lake kubwa la kwanza. Wageni hao wangemwandika vibaya, miaka miwili ya kuuza matembezi mtandaoni ingekwenda na maji.

Akamwita shangazi yake, mpelelezi mstaafu, aliyefika saa tatu kasorobo na kuusoma ujumbe mara mbili.

"Umetumwa saa moja kamili, kwa kompyuta hii hii. Mlango mzima. Nani ana ufunguo?"

"Mimi, mpiga picha na Mjomba. Na mshirika wangu wa zamani, hakurudisha wake. Ndiye huyo! Ananionea kijicho!"

Shangazi akampigia.

"Mimi?" mshirika alicheka. "Ningeingia humo ningefuta zote. Niahirishe moja ili iwe nini, nimtunzie wateja?"

"Mjeuri, ila ana akili," Shangazi alisema akikata simu.

Mpiga picha alileta kamera. Saa moja kamili alikuwa kilimani na waendesha baiskeli. "Picha ya saa hiyo hii hapa, nimo mwenyewe, nimeanguka."

Shangazi akachokoa kati ya vitufe vya kompyuta, akatoa nyuzi mbili za katani.

"Shangazi, usiniambie! Mjomba ndiye aliyelifunga lile daraja."

"Adui hufuta, mwanangu. Anayeahirisha anataka warudi."

Saa tatu unusu Mjomba, kiongozi wa safari, aliingia, kofia mkononi.

"Shemeji," Shangazi alimpokea, "umeanza lini kuchapa?"

"Kwa kidole kimoja, shemeji. Nusu saa nzima!"

Kijana akaruka. "Mjomba, umenimaliza!"

Mjomba akaweka mezani kipande cha kamba. Upande mmoja kilikuwa kinene kama kifundo cha mkono, upande wa pili kimelika hadi wembamba wa kidole.

"Nimekikata darajani alfajiri. Jumatatu nilikwambia tubadilishe kamba, ukasema tuahirishe. Jumatano, tuahirishe. Jana tena. Umeahirisha kamba mara tatu. Mimi nimeahirisha watu mara moja."

"Ungenizuia tu!"

"Ulikuwa sikio la kufa, mpwa wangu. Lakini wa kufa wangekuwa wao."

Kijana akakishika kipande kile, akakikunja kidogo. Kikakatika mikononi mwake. Akaketi.

Simu ikaita. Alikuwa yule mama wa kwanza, bado amewaka.

"Mama, ni kweli tumeahirisha," kijana alisema, macho yake kwa Mjomba. "Kamba yetu imelika, na nilijua. Nakuahidi, hatavuka mgeni hata mmoja mpaka iwe mpya, Mjomba aikague, na mimi nitangulie kuvuka."