Shahidi Mwenye Shaka

"Mtunza Maktaba ahamishwe. Houston, kabla ya saa tisa alasiri."

Sauti ya Zéphyrin ilikwaruza ndani ya simu ya Nextel, kisha ikakatika.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, Jumanne, Oktoba 2003. Hamdiya Abdulghafur alivua glavu, akamfunika shuka mzee wa Kimarekani aliyekuwa amemaliza kumwogesha, akamwambia mwenzake wa zamu kwamba amepata dharura. Katika nyumba ile ya wazee ya Mansfield alijulikana kama mlezi mpole kutoka Mombasa.

Hakuna aliyejua kwamba chini ya kiti cha Camry yake kulikuwa na Glock 19.

Wala hakuna aliyejua habari za Kitengo cha Maziwa, ofisi ndogo ya siri iliyoundwa kuwasaka wauza silaha wa Maziwa Makuu. Hamdiya alikuwa mtu wao Texas. Zéphyrin, Mkongomani aliyekaa Dallas, ndiye aliyempokea, akamfunza kazi, na kumwongoza kwa miaka minane.

Dakika kumi na tano baadaye Mtunza Maktaba alikuwa kwenye kiti cha abiria, amekumbatia begi lake.

Jina lake halisi lilikuwa Bisimwa. Umri, sitini na moja. Zamani profesa wa falsafa na historia mjini Bukavu. Sasa alipanga maboksi kwenye ghala Fort Worth.

Mwaka 1998 chuo chake kiliagiza vitabu. Bisimwa na wenzake watatu walikwenda kuvipokea usiku kwenye uwanja mdogo wa ndege. Walifungua kreti ya kwanza wakakuta bunduki. Aliyekuwa akikagua kreti nyingine ni Mzungu mmoja, mfupi, mpole wa sauti, aliyeitwa Florent.

Kufikia sasa wale wenzake watatu walikuwa wamekwisha kuuawa.

Florent sasa alikuwa Houston, wakala wa ndege za mizigo. Ndege yake nyingine ilikuwa iondoke jioni hiyo kuelekea Kivu. Saa tisa, hakimu mmoja angemsikiliza Bisimwa. Akiapa kwamba mtu yule ndiye, ndege isingeruka.

"Mwalimu, funga mkanda," alisema Hamdiya.

Akabonyeza Nextel. "Tumeondoka. Tunashika barabara ya 287."

"Sawa," alijibu Zéphyrin.

Walipofika Waxahachie, gari kubwa jeusi, Suburban, lilikuwa nyuma yao.

Hamdiya aliongeza mwendo. Maili themanini. Tisini. Suburban ikaongeza. Ikawagonga kwa nyuma, begi la Bisimwa likaruka, karatasi zikamwagika miguuni.

"Inama."

Profesa aliinama. Hamdiya akabaki kwenye njia ya kushoto kana kwamba hana pengine pa kwenda, kisha akakata kulia mbele ya lori la mafuta, akaingia njia ya kutokea barabara kuu kwa tairi mbili. Dereva wa lori akapiga honi ndefu. Suburban ikapita moja kwa moja.

Hamdiya akapunguza mwendo.

"Inuka sasa, Mwalimu. Umeumia?"

"Hapana, mama. Karatasi tu." Alianza kuziokota moja moja.

"Ni za ushahidi?"

"Ni za Mskoti wangu."

Hamdiya alijua kidogo kuhusu Mskoti huyo. Faili la Bisimwa lilisema amemsoma miaka thelathini: mwanafalsafa wa karne ya kumi na nane aliyeandika kitabu kikubwa kabla hajafika miaka thelathini, hakuna aliyekijali, akanyimwa uprofesa kwa sababu watu walidhani hana dini, akaishia kutunza maktaba Edinburgh, na humo katikati ya vitabu akaandika historia nzima ya Uingereza. Zéphyrin ndiye aliyetoa humo jina la siri.

"Nisikilize, mama," alisema Bisimwa. "Niko nafikiri nirudi."

"Urudi wapi?"

"Nyumbani. Leo wataniuliza, una hakika? Miye nilimwona yule mtu dakika moja. Kulikuwa taa ya chemli. Nilikuwa na woga. Ni miaka tano. Naapa namna gani?"

"Wenzako watatu wamekufa, Mwalimu."

"Najua. Nilizika mmoja kwa mikono yangu." Aliweka karatasi za mwisho begini. "Mskoti alifundisha kwamba ushahidi unapimwa. Mtu akikuletea habari, usiulize tu kama ni mtu mzuri. Uliza, lipi ni ajabu zaidi: habari yake iwe kweli, ao yeye awe amekosea ama amedanganya? Lile la ajabu zaidi, ulikatae. Sasa mimi niko najipima mwenyewe. Nakuta niko mwepesi."

Hamdiya alitazama kipimo cha mafuta. Alibonyeza Nextel. "Tumegongwa. Tunajaza mafuta Ennis, kituo cha kwanza."

"Nimekusikia. Pole, dada yangu. Kuwa makini."

Hata pampu haijajaza nusu tangi, Suburban iliingia kituoni.

Waliondoka bomba likining'inia. Risasi moja ikavunja kioo cha nyuma. Hamdiya akajipenyeza katikati ya malori mawili yaliyoegeshwa, akatokea uchochoroni, akawapoteza. Akaripoti tena: wataacha barabara kuu, watapita njia ya mashamba hadi Corsicana.

Suburban iliwangoja kwenye njia ya mashamba, imelala kukingama barabara.

Safari hii Hamdiya alisimamisha gari. Alifungua mlango, akapiga goti nyuma yake, akashika Glock kwa mikono miwili. Risasi mbili kwenye tairi la mbele. Moja kwenye rejeta. Mtu mmoja akaruka nje na bunduki fupi; risasi ya nne ikampata begani, akakaa chini kama mtu aliyechoka.

Hamdiya akarudi garini, akapita shambani kati ya mabua ya pamba, akarudi barabarani upande wa pili.

Hakuripoti.

Maili kumi zilipita. Kioo kilichovunjika kilipiga mluzi.

"Mama Hamdiya," alisema Bisimwa polepole, "juu ya nini wanajua kila pahali?"

"Labda wameweka kifaa kwenye gari."

"Na pale njia ya mashamba? Walifika mbele yetu. Kifaa hakijui pahali utaenda kesho."

Hamdiya hakumwangalia. Alikuwa amekwisha kuliona jambo hilo, tangu Ennis, akalisukuma mbali.

"Zéphyrin ni kaka yangu," alisema. "Nilipofika Dallas sina mtu, yeye na mkewe ndio walionipa chumba. Miaka minane hajaniambia uongo hata mara moja."

"Ndiyo. Na juu ya hiyo unaamini hatakudanganya leo." Profesa alisema kwa upole, kama anavyosema mtu na mwanafunzi aliyefiwa. "Mskoti angesema, hiyo si hakika. Ni mazoea. Jua limetoka kila siku, tunaliwekea imani. Ni vizuri, maisha hayaendi bila hiyo. Lakini haijakuwa hakika."

"Basi nipime vipi?"

"Lipi ni ajabu zaidi? Wale batu wabahatishe mara tatu, ama mtu mmoja aseme?"

Jibu Hamdiya alikuwa nalo.

Karibu na Huntsville alisimama kwenye simu ya sarafu, akampigia Mkuu wa Kitengo nyumbani kwake Arusha. Alizungumza dakika tatu. Kisha akarudi garini, akashika Nextel.

"Zéphyrin."

"Hamdiya! Mko wapi? Nimeogopa sana."

"Mwalimu ameumia. Hatufiki kwa hakimu kwa wakati. Tutajificha Missouri City, kwenye zile stoo za kukodisha nyuma ya soko la Waafrika. Stoo namba kumi na nne. Usimwambie mtu."

"Siwezi. Wewe tulia tu hapo, nitatuma msaada."

Stoo namba kumi na nne ilikuwa na kufuli, na ndani yake hapakuwa na mtu.

Saa saba na nusu Hamdiya na Bisimwa walikuwa ng'ambo ya barabara, ndani ya duka la kufulia nguo lenye mashine za sarafu. Wanawake wawili wa Kinaijeria walikunja mashuka. Hamdiya alisimama dirishani na darubini ya Bushnell. Alitaka sana pasitokee kitu. Alitaka lije gari la Kitengo, lenye watu anaowajua, na yeye aone haya kwa kumshuku ndugu yake.

Saa nane kasorobo yalikuja magari mawili. Lincoln ya kijivu na gari la mizigo.

Walishuka watu watano. Wanne walikuwa na bunduki. Wa tano, mfupi, alisimama pembeni na koti la kitani, akiwaelekeza kwa kidole.

Hamdiya alimpa Bisimwa darubini.

Profesa alitazama kwa muda mrefu. Dakika moja. Mbili. Mchana mweupe, jua la Texas halikuficha hata kifungo.

"Ni yeye," alisema.

"Una hakika?"

"Kuliko asubuhi."

Hamdiya akapiga simu ya polisi. Watu wenye silaha wanavunja stoo. Akataja mtaa. Akakata.

Lakini dereva wa Lincoln alikuwa hajatulia. Alikuwa akiangaza huku na huku, na macho yake yakatua kwenye Camry isiyo na kioo cha nyuma. Akavuka barabara, mkono ndani ya koti.

Hamdiya alimsukuma Bisimwa nyuma ya mashine. Mlango ukafunguka. Bastola ikatangulia.

Hamdiya, ambaye Glock yake ilikuwa imebaki garini, alimpiga dereva na kreti ya sabuni kwenye kifundo cha mkono. Bastola ikaanguka, ikateleza chini ya meza. Yule mtu akamkaba koo, akamgandamiza kwenye kikaushio chenye moto. Hamdiya akamkanyaga goti kwa upande. Likalia. Alipoinama, akamfungia mlango wa mashine kichwani mara mbili, na mara ya pili akalala.

Mmoja wa wale wanawake alikuwa bado ameshika shuka. "Sister, you okay?"

"Nothing serious, auntie," alisema Hamdiya, akisugua shingo.

Nje, ving'ora vilitoka pande tatu kwa mpigo. Florent aliinua mikono polepole, kama mtu anayejua mawakili wake ni wazuri.

Hilo ndilo lililobaki. Mawakili wake. Kwa kuvunja stoo angetoka kwa dhamana kesho, na ndege ingekuwa imeshapaa. Bila Bisimwa, kazi yote ilikuwa bure.

Saa tisa kasoro dakika nne walipanda lifti hadi ghorofa ya kumi na mbili ya mahakama, katikati ya Houston.

"Mama, nikuambie kitu," alisema Bisimwa ndani ya lifti. "Yule Mskoti aliandika maneno chini ya ukurasa mmoja. Kwamba watu weusi hawajapata kuwa na akili ya maana. Mtu aliyeshuku kila kitu duniani, hilo hakulishuku. Hata siku moja. Nililisoma nikiwa kijana na nikaendelea kumfundisha miaka thelathini, kwa sababu alinipa chombo, na mimi nilikitaka. Lakini linaniuma. Lilinifanya nijishuku mimi kwanza, kabla ya wengine."

"Na leo?"

"Leo nitatumia chombo."

Mlango ulifunguka.

Wakili wa Florent alimuuliza mara sita kama ana hakika kamili. Bisimwa hakupandisha sauti. Alisema kwa Kifaransa kwamba hakika kamili hana, hata ya jua la kesho. Alieleza taa ilikuwa umbali gani, woga wake ulikuwa kiasi gani, nini hakukiona. Kisha akaeleza alichokiona, usiku ule na mchana huu, na kwamba kukosea kwake mara mbili kwa sura moja kungekuwa jambo la ajabu kuliko kuwa sahihi.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Saa kumi na robo alitia saini. Ndege ilizuiwa. Ndani yake, chini ya mahindi, zilikutwa bunduki elfu mbili.

Hamdiya alisimama kwenye maegesho, shingo ikimwuma. Alibonyeza Nextel.

"Mtunza Maktaba amefika."

Kisha Zéphyrin akasema, kwa sauti ya mtu aliyezeeka mchana mmoja: "Wanaye Clothilde. Dada yangu. Wamemshika Goma tangu Agosti. Ungefanya nini, Hamdiya?"

"Ningekuambia wewe."

"Hukuniamini tena, sivyo?"

"Nilikuamini mpaka Ennis. Ningeweza kufa huko." Alifungua mlango wa Camry. "Habari za Clothilde nitazipima. Zikiwa kweli, nitamtoa mwenyewe. Wewe fungua mlango. Watu wa Mkuu wako nje, na wameambiwa wasimwogopeshe mkeo."

Alisikia kengele ya nyumba ile aliyoishi mwaka wake wa kwanza Marekani. Alisikia hatua za Zéphyrin kwenye sakafu ya mbao.

Akatoa betri.

Kisha akafuta vipande vya kioo kwenye kiti, akawasha Camry, akauliza kwa simu nyingine, kwa sauti tulivu, ndege ya kwanza kwenda Kigali inaondoka saa ngapi.