Aliyejibu Kutoka Kijitoni

Mdogo wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mlinzi wa bonde la miti linalopakana na mji wetu. Mle hakuna ruhusa ya kukata kuni wala kufua kijitoni. Kwa urefu wake, wenzake walimwita Mlingoti.

Asubuhi ile alikunywa chai amesimama. Nikamwambia, "Kaa unywe, kiti hakiumi."

"Dada, mimi nikikaa, kusimama tena ni safari."

Tukacheka. Ndiyo mara ya mwisho.

Walikuwa na desturi yao kazini. Kabla jua halijazama, msimamizi hupuliza filimbi langoni, na kila mlinzi hujibu kwa yake huku akipanda kutoka bondeni. Lango halifungwi mpaka wote watoke. Siku hiyo mmoja wao, Babu Kofia, alikuwa kwake anaumwa jino. Msimamizi alimpa ruhusa, akasahau kuwaambia wenzake.

Haya msimamizi alinisimulia mwenyewe, ameinamisha kichwa. Alipuliza. Mdogo wangu akajibu, karibu kabisa na lango. Mwenzake akajibu. Kisha, chini kijitoni, ikajibu filimbi nyingine.

"Kofia huyo, anajikokota," mdogo wangu akasema. "Ngoja nikamchukue mzee wa watu."

Msimamizi ulimi ulimganda. Alipopata sauti ya kumwita, miti ilikuwa imeshamfunika.

Filimbi ikalia tena, mbali zaidi. Mdogo wangu akajibu. Ikalia. Akajibu. Kisha zikalia mbili kwa pumzi moja.

Halafu kimya.

Walimkuta kifudifudi kwenye maji yasiyofika kifundo cha mguu. Filimbi yake haikuonekana. Shingoni ilibaki kamba tu, na fundo halijafunguliwa.

Tulimzika. Nimesali sana. Babu Kofia aliacha kazi, na walinzi waliobaki siku hizi wanapigiana simu.

Jana jioni nilikuwa naanua nguo. Nikasikia filimbi chumbani kwake. Fupi, kama alivyopuliza yeye. Mdomo ukanifunguka nimwitikie. Nilitaka, Mungu anajua nilivyotaka. Nikauziba kwa kiganja, nikasali moyoni mpaka ikanyamaza.

Ndipo nikafungua mlango. Sakafu kavu. Dirisha limefungwa. Juu ya mto wake, filimbi.

Niliigusa. Ilikuwa na joto, na mate hayajakauka.