Mfuko wa Saba

Kila Ijumaa, kabla ya kuskusi, wanawake wa nyumba yetu pale Ksabi huenda hamamu, bafu la mvuke la mtaani. Bibi Tuda hubeba beseni, mimi hubeba ghasuli, ule udongo wa kahawia tunaooshea nywele. Baba huuchimba, Bibi huutengeneza. Huuloweka mpaka ulainike, huuchuja kwa kitambaa mara tatu, huutia karafuu na maji ya waridi, kisha huuanika darini. Haruki hata hatua moja, na ukimharakisha atakurushia kandambili.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili Shangazi Ghizlan alipotujia na ombi la ajabu. Ni dada yake Baba, mtafiti wa chuo kule Fesi. Alitaka udongo mbichi kutoka kila shimo la ushirika wetu wa wachimbaji.

"Unataka kuosha vichwa vya chuo kizima?" Bibi akamuuliza.

"Nataka kuupika na sukari, Mama."

Akatueleza kwamba udongo huu una matabaka membamba mno. Ukiuchanganya na sukari na kuuchoma katika tanuri lisiloingia hewa, sukari hugeuka kaboni katikati ya matabaka hayo, kama keki inavyoshika umbo la chombo chake. Kisha udongo huyeyushwa kwa asidi, na vinabaki vijikaratasi vyeusi vinavyopitisha umeme. Huitwa grafini.

"Wengine huitengeneza kwa gharama kubwa," alisema. "Sisi kalibu yake tunaikanyaga kila siku."

Baba alileta mifuko saba yenye namba. Ule wa saba aliujaza mdomoni mwa Shimo la Saba, lililofungwa tangu paa lake liporomoke na kumvunja Mzee Haddu mguu. Mimi nikapewa kazi ya kuitunza mifuko hiyo.

"Usiiguse, Itto," Shangazi aliniambia. "Jumapili nitaichukua kama ilivyo."

Nikaigusa. Udongo wa mfuko wa saba ulikuwa laini kama siagi, na nilikuwa na hamu ya kumringia rafiki yangu Rabha. Ijumaa nikachota bakuli zima nikaenda nalo hamamu.

"We Itto, huu umeutoa wapi?" Rabha aliuliza huku akijipaka mpaka masikioni.

"Kwetu," nikajibu, nikijiona malkia.

Niliporudi, mfuko ulikuwa umebaki nusu. Basi nikachota ghasuli ya Bibi kutoka mtungini nikajazia. Rangi zilifanana. Nikafunga kamba, nikala kuskusi yangu bila wasiwasi wowote.

Wiki tatu baadaye Shangazi alipiga simu, sisi sote tukiwa mezani tukimsikiliza.

"Kaka, sielewi hapa," alisema. "Mifuko sita ni ya kawaida tu. Wa saba unapitisha umeme mara nne zaidi. Nimerudia kupima nikidhani mashine imeharibika. Nahitaji magunia kumi kutoka Shimo la Saba."

Bibi akaweka kijiko chini. Baba akasema, "Jumatatu tutalifungua. Nitatangulia mimi, paa lake nalijua."

Sio shimo, niliwaza. Ni mtungi wa Bibi. Lakini mdomo ulikataa kufunguka, siku ile na hata kesho yake, na ninaona haya kuyaandika haya.

Jumatatu niliamka nikakuta viatu vya Baba havipo. Nilikimbia pekupeku mpaka machimboni. Nilimkuta ameshabandua mbao mbili, bega moja limeshaingia ndani.

"Baba, usiingie," nililia. "Udongo uliopimwa si wa shimo. Nilichanganya na wa Bibi."

Wachimbaji wote wakageuka. Baba alitoka polepole, akanitazama kama hanijui. Hakunipiga wala hakunigombeza. Alinishika kiganja akanipeleka kwenye mdomo wa shimo, akautia mkono wake kwenye ufa wa paa. Ulizama mpaka kwenye kiwiko. Nikaketi vumbini.

Tulimpigia Shangazi tukamweleza yote. "Kesho nilikuwa niisome ripoti mbele ya watu," alisema. Halafu akauliza, "Mama, ghasuli yako huwa unaifanyaje?"

"Miaka thelathini hukuuliza," Bibi akamjibu. "Njoo uone."

Alikuja, akaketi kando ya beseni na daftari lake, akamharakisha Bibi, akarushiwa kandambili. Akaenda kujaribu udongo wa Shimo la Kwanza, ambalo ni salama, ukiwa umelowekwa na kuchujwa kwa kitambaa mara tatu, bila karafuu wala waridi. Matokeo yalikuwa mazuri kama ya mfuko wa saba. Mchanga uliokuwa ukimharibia kazi ulikuwa unabaki kwenye kitambaa cha Bibi.

"Kumbe nimewasaidia," nikasema siku aliporudi kutupa habari, nikijaribu kutabasamu.

Shangazi hakutabasamu. Aliweka mbele yangu ule mfuko wa saba, mtupu, pamoja na kalamu.

"Usijidanganye, mwanangu. Ulipochanganya hukutusaidia, ulipokiri ndipo ulipotusaidia. Ungenyamaza, ningekuwa na namba nzuri na sina kaka. Sasa andika hapo kilichokuwa ndani, chote."

Niliandika: Nusu Shimo la Saba. Nusu Bibi Tuda. Umeguswa na Itto.

Baba akausoma, akaukunja, akautia mfukoni mwa koti lake la kazi. Mpaka leo anakwenda nao machimboni.