Mstari Uliokataa Kufutika

— Nani huyu anayekwambia mkeo asijue?

Mumewe alikuwa anafunga vifungo vya shati. Vidole vikasimama. Simu ilikuwa mkononi mwa mkewe, na ujumbe ulikuwa peupe: "Njoo mapema kabla mkeo hajafika. Asijue kwanza."

— Mambo ya kazi hayo, mke wangu.

— Kazi gani isiyonitaka? Maabara ni moja, meza zetu zinatazamana.

Aliyeandika ni yule mtafiti mgeni, mwenye kicheko cha kumfanya hata mlinzi asahau geti. Tangu aje, mume alikuwa ananyoa ndevu kila asubuhi. Mke aliliona hilo, akalimeza, likamkaa kooni kama mwiba.

Hakugombana zaidi. Alibeba mkoba wake akatangulia maabara.

Alimkuta mgeni peke yake mbele ya kompyuta, kioo kimejaa picha ya mistari myeusi. Mume akaingia nyuma, anahema.

— Haya, mkeo ameshafika, mke akasema. Endeleeni, mimi nitakaa nitazame.

Mgeni aliinamisha kichwa.

— Shemeji, mwambie wewe.

— Ni kingamwili yako, mume akasema.

Kingamwili ile ndiyo ilikuwa roho ya mke. Aliihangaikia miaka ili iishike protini moja tu, ile inayozuia damu isigande ovyo mwilini. Wiki ijayo alikuwa aende kuieleza mbele ya mabingwa.

— Tuliiziba kwa peptidi, dada, mgeni akasema. Kipande kidogo cha protini yenyewe. Kingamwili ikishakishika, haina tena nafasi ya kuishika protini, kwa hiyo mstari huu, unaoonyesha kilichoshikwa, ulipaswa kufutika.

— Na haukufutika.

— Haukufutika. Tumerudia, na tena. Inashika kitu kingine.

Mke aliitazama picha. Akavuta kiti, akaketi.

— Umejua tangu lini?

— Wiki iliyopita, mume akajibu. Niliogopa kukuvunja moyo kabla sijawa na uhakika.

— Mkajua wawili, mimi nikafichwa.

Mume akamsogelea.

— Nilikuja nimejiandaa kwa habari ya mwanamke, mke alisema. Maneno ya kumwambia nilikuwa nayo. Ya hili sina. Unalala ubavuni kwangu unajua, mtu baki anajua, na mimi nakupigia pasi shati niko gizani.

Mume akachutama mbele ya kiti.

— Nimekosa. Sitakuficha tena, hata jambo liwe chungu vipi.

Mke alilia kimya, akajifuta kwa mkono wa koti jeupe, akasimama.

— Naenda kwa mkuu wa maabara kabla hajasikia kwa wengine. Twende.

— Akiuliza nani kagundua?

— Nitamtaja mgeni. Kazi yake ni safi.

Kwenye ngazi mume alimshika mkono, naye hakuuondoa.

— Lakini jioni, mke akasema, usimsindikize mgeni hata mpaka mlangoni.